Chura wa Liévin

Watoto wa darasa la Maman Albertine walikuwa na wimbo usio na mwisho. Mtu aliyepita asubuhi kando ya ua wake pale mtaa wa Makomeno aliwasikia wakiuanza vizuri, mbuzi akilia, bata akijibu, nguruwe akikoroma mpaka kicheko kikawashinda, halafu ghafla kimya. Kimya kirefu, wote wamebana pumzi. Kisha Maman Albertine alipiga makofi, nao wakatawanyika kwenda kunywa uji. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Walidhani nyimbo zote ziko hivyo.

Zamani wimbo ule ulikuwa na mwisho wake. Albertine Mwansa ni mzaliwa wa hapa hapa Lubumbashi, binti wa mzee Chama aliyefanya kazi kwenye tanuri za shaba, na alikulia katika kambi ya wafanyakazi, mahali ambapo king'ora cha kampuni kiliamsha baba na mtoto pamoja. Masista walimfundisha kufuma sweta na kuimba. Alipoolewa na Nkandu, fundi wa treni, akapewa darasa la gardienne katika shule ya kampuni, la watoto ambao bado hawajaanza mwaka wa kwanza. Alilifundisha pamoja na Léonie, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Kasai kabla yeye hajazaliwa.

Wimbo waliutunga hao wawili, mchana mmoja wa mvua, wakimenya karanga, huku watoto wamekataa kutulia.

*Nani analia ku mulango?*
*Mbuzi, mama, mbuzi.*
*Lia basi tusikie,*
*halafu uingie.*

Mbuzi alilia akaingia, kisha bata, kisha kanga, na kila mnyama aliyefuata, mpaka nyumba ikajaa. Hapo darasa zima liliimba kwa sauti ya chini: *Bote bameisha kuingia. Chura, funga mulango.* Chura alitoa sauti yake mara moja tu, na wimbo ukawa umekwisha.

Kila mtoto alikuwa na mnyama wake, na hakuna aliyegusa wa mwenzake. Aliyehamia mwaka wa kwanza alimchagua mtoto mgeni, akamwinamia na kumtia sikioni ile sauti, polepole, mbele ya wote. Huko waliita kuachia nyama, yaani kumwachia mwenzako mnyama wako. Akina mama walilichukulia jambo hilo kwa uzito. Walikuja mapema kuuliza kanga wa nani ataachwa mwaka huu, na karani mmoja wa kampuni aliwahi kufika na tai yake shingoni kulalamika kwamba mwanawe hawezi kuwa nguruwe. Léonie alimjibu kwamba nguruwe ndiye anayechekesha kuliko wote, na kwamba wanaomwomba wapo, kama bwana hamtaki. Karani alikaza tai yake akaondoka, na mtoto akabaki nguruwe.

Chura wa mwisho alikuwa Liévin, kitinda mimba wa Léonie. Alikuwa mtoto mpole, lakini zamu yake ilipofika alivimbisha mashavu na kutoa sauti ambayo hukutegemea ingetoka katika kifua kidogo vile.

Ukaja ule mwaka ambao watu wa asili ya Kasai waliozaliwa hapa waliambiwa kwamba hapa si kwao. Familia zilihamia stesheni na magodoro yao, vyerehani, masufuria, zikalala hapo wiki baada ya wiki zikingoja treni ya kwenda Kasai. Albertine alikuwa akiwapelekea bukari, ule ugali wa hapa, na sombe ya majani ya muhogo, akikaa na Léonie juu ya mzigo, wakizungumza mambo ya darasa kana kwamba ni mapumziko ya saa nne. Siku treni ilipoingia, Liévin alimshika kitenge akamuuliza nani sasa atafunga mlango.

“Chura yako, hakuna muntu ataigusa,” Albertine alimwambia. “Tutakungojea.”

Léonie alisikia. Alimshika mwenzake begani kwa nguvu kabla ya kupanda.

Kesho yake wimbo ulipofika kwa chura, mtoto mmoja alifungua kinywa ili ajibu badala ya Liévin. Albertine alimnyamazisha kwa kidole. Wakangoja, kisha akapiga makofi. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo.

Miaka ile mambo mengi yalinyamaza. King'ora kilikatika bila mtu kutangaza. Mishahara ikawa habari za zamani, shule ya kampuni ikafungwa, na mabati yake yakaondoka moja moja. Albertine aliwahi kuokoa viti vidogo vya watoto, akavibeba mpaka nyumbani na kuendelea kufundisha barazani. Nkandu alipata kipande cha shamba huko Annexe, pembezoni mwa mji, akawa mkulima wa mahindi na viazi vitamu, anarudi mwisho wa juma na gunia kwenye baiskeli. Akiwakuta watoto wamekaa kimya kusubiri makofi, humtania mkewe: “Mulango yenu inaingiza baridi, Maman.” Yeye hakucheka. Msafiri mmoja aliwahi kuleta salamu za Léonie. Baada ya hapo, hakuja tena mtu.

Mwaka 1999, vita vikiwa vimekata njia za mashariki, alifika mama mmoja aliyeitwa Katungu. Yeye na mumewe Mbusa walikuwa wafanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, Wakristo wa kusali kila asubuhi dukani kabla ya kufungua mlango. Walizunguka nchi za jirani mpaka wakaingia kupitia Zambia. Binti yao Deborah aliletwa kwa Albertine, na kwa kuwa wanyama wote walikuwa na wenyewe, Albertine alimwongezea paka.

Deborah hakumtaka paka. Siku chache tu baadaye, watoto walipoimba *chura, funga mulango* na kunyamaza, yeye alijibu. Wenzake waligeuka wakamtazama kama amevunja sahani. Albertine alimwambia kwa upole kwamba yule chura ana mwenyewe. Mtoto alilia mpaka wakati wa uji, na kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Aliyekuja ni mama yake. Nkandu alikuwa barazani akichambua viazi. Katungu alisalimia, akakaribishwa kiti, lakini akabaki amesimama.

“Maman, mutoto wangu anasema hapa kuko chura ya muntu mwenye hayuko.”

“Iko na mwenyewe,” Albertine alisema. “Alienda na treni.”

“Mwaka gani?”

Albertine alimwambia. Katungu alivitazama viti vidogo vilivyopangwa kwa duara.

“Sasa ni kijana wa miguu mirefu. Akirudi leo, utamukalisha ku kale kakiti?”

Nkandu aliangua kicheko, kisha akaona uso wa mkewe na kurudia viazi vyake.

“Nilimuambia tutamungojea,” Albertine alisema. “Mama yake alisikia.”

Ndipo Katungu alipokaa. Aliweka mikono mapajani.

“Mimi niliacha nyumba Butembo, na mapazia yake,” alisema. “Kuko bantu ndani sasa. Sibaombee mabaya. Ninaomba tu bafungue madirisha asubuhi.”

Aliaga, akamshukuru Nkandu kwa viazi alivyomfungia, akaenda.

Deborah alirudi Jumatatu. Albertine alimsimamisha katikati ya duara, akapiga magoti kwa shida, akaweka mdomo kwenye sikio lake. Alikuwa na hofu kwamba amesahau. Sauti ilitoka yenyewe, nzito, ikimkwaruza koo, na akiwa bado ameinama alitambua kwamba si sauti ya Liévin. Ni ya Léonie. Liévin alikuwa anamwiga mama yake siku zote, na walimu wake wawili walimsikiliza kila asubuhi bila kugundua.

Alikawia kuinuka. Watoto walidhani ni magoti.

Kisha wakaimba. Mbuzi akaingia, bata akaingia, nyumba ikajaa. *Chura, funga mulango.* Deborah hakufanya kama alivyofundishwa. Alitoa sauti nyembamba, ya juu, kama vyura wadogo wa milimani kwao baada ya mvua. Albertine aliinua mkono amsahihishe, akaushusha.

Watoto walibaki wamebana pumzi, macho kwake.

“Maman, na makofi?” Exaucée, aliyekuwa mbuzi, aliuliza.

“Hakuna makofi. Imeisha.”

“Imeisha namna gani?”

“Namna hii.”

Walitazamana. Hakuna aliyeinuka. Mmoja alicheka kwa wasiwasi, mwingine akauliza kama wanaweza kurudia, ili wasikie vizuri inavyoisha. Albertine aliwaambia waanze, akaenda jikoni kukoroga uji, na alipofika huko akasimama na mwiko mkononi, akiwasikiliza wakimwingiza mbuzi.