Duara Lisilokubali Namba

Nilisikia fimbo yake kabla sijamwona. Ko, ko, kwenye ngazi za nyumba yangu ya mjini, Kilakala, kisha pumzi ndefu ya mtu anayegombana na goti lake. Mama alikuwa ameteremka kutoka mlimani, na tulidhani safari hii harudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngazi hizi fundi aliwajengea mbuzi?"

Kaka yangu, mwalimu wa uchumi chuoni, alikuwa ameshafungua kompyuta. Mama angeweza kuishi kwangu, kwake, au peke yake kule mlimani, na kaka alitaka kila mahali papate namba. "Namba haipimi mapenzi," alisema. "Inaonyesha tu kipi kinatangulia. Unachokipenda zaidi, namba kubwa. Mlimani au hapa?"

"Hapa. Hospitali iko karibu."

"Hapa au kwangu?"

"Kwako. Kuna wajukuu. Huyu dada yako atanikalisha na vitabu."

"Kwangu au mlimani?"

"Mlimani."

Kaka alifuta, akauliza upya. Majibu yaleyale. "Mama, unazunguka! Hakuna namba inayojizidi yenyewe."

"Namba ni zako, mwalimu. Zihangaikie."

Nilitamani kuifunga ile kompyuta kwa kishindo. Nilitamani pia kumtikisa mama. "Kwa nini mlimani, na goti hilo?"

Alinitazama kana kwamba sikuzaliwa Uluguru. "Shamba ni la ukoo wetu, linapita kwa wanawake. Nikikaa kwako, nipo na mwenye shamba. Nikihamia kwa kaka yako, nimehamia kwa ukoo wa mkewe, na wajomba watasema nimelitupa. Watalikata vipande. Nakutunzia wewe."

Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza mimi, hata kwa namba. Maneno yakanitoka: "Mimi silitaki, mama. Sijawahi kulitaka."

Vidole vya kaka vilisimama juu ya vitufe. Nje ukungu ulikuwa umekwisha kuufunika mlima, kana kwamba haukuwahi kuwepo.

"Basi duara limekatika," mama alisema taratibu, akiitafuta fimbo. "Kama hapa hakuna tena mwenye shamba, nani atawasha moto kule isipokuwa mimi?"

"Mama, kaa kwanza. Chai iko jikoni."

"Mpe mwalimu."

Kaka aliinuka kumshika mkono, mama akamkatalia. Ko, ko, hadi mlangoni. Mama ambaye maisha yake yote huacha milango wazi, safari hii aliuvuta nyuma yake mpaka ukafungika.