Nilivyoihutubia Serikali Kaburini kwa Kosmas

Jamani, mkasa huu siusimulii nikiwa na wageni, na hata leo nausimulia kwa kuwa nyie ni watu wangu na mengi yenu nayajua, kwa hiyo hata mkicheka mtacheka kwa adabu. Mnasikia watu hapa Viwanja Sitini wananiita Bwana Serikali, na wengine wanadhani ni heshima. Heshima gani! Jina hilo nilibandikwa kijijini Michenga, kwenye msiba wa rafiki yangu Kosmas, mwaka wa zile mvua za Elnino, na kila nikiitwa hivyo nasikia shingo inawaka moto.

Mjue kwanza nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nimestaafu utumishi wa serikali, ukarani wa wilayani, na mstaafu asiye na kazi ana ugonjwa mmoja mbaya unaitwa taarifa ya habari. Nasikiliza ya asubuhi, nasikiliza ya mchana, nasikiliza ya jioni, na kila ikiisha siwezi kukaa, nasimama, natoka barazani, narudi ndani, naona nchi inaharibika na hakuna anayekuja kuniuliza. Mashirika ya umma yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, hospitali tunaambiwa tuchangie, halafu anakuja kijana mwenye tai anasema uchumi umekua (umekulia wapi, kwa nani?). Mke wangu alishachoka, akisikia tu saa ya habari imefika anachukua ungo wake anahamia uani. Aliyebaki kunisikiliza ni Kosmas, Mpogoro wa Mahenge aliyehamia Michenga na mama yake kulima mpunga. Kila akija sokoni lazima apite kwangu, atakunywa chai, atanisikiliza mpaka jua linazama, na hata siku moja hakunibishia. Mimi nikasema, huyu sasa ndiye raia mwenye akili.

Basi Kosmas akaugua malaria, na ndani ya siku chache hatunaye. Iliniuma, sitaki kudanganya, nililia kama mtoto.

Sasa bonde letu mvua zikikolea mnalijua. Barabara ilikuwa imekatika, tulivushwa kwa mtumbwi, na kule mbugani ukichimba tu kaburi maji yanaanza kuchuruzika kwa chini. Ndiyo maana wenyeji wana utaratibu wao, wasifu na salamu na hotuba zote zinamalizwa nyumbani, vijana wanamalizia kuchimba dakika za mwisho, jeneza likifika ni sala, linashushwa, linafukiwa, upesi upesi. Na mjane, Mama Fidelis, alikuwa na ombi moja tu. Kosmas alitaka alale kando ya mama yake, ukingoni mwa shamba, pale pale pa chini, na Mama Fidelis alimshika katekista mkono mbele yetu akamwambia, “Mwalimu, nisaidie mume wangu alale pakavu. Mengine nimemwachia Mungu.” Nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili.

Hotuba za nyumbani zilinipita kwa sababu ya suti (nilivuka na kaptula, suti nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni, nikaomba chumba nibadilishe nionekane mtu wa mjini). Natoka, nakuta wanainua jeneza. Nikajisemea si kitu, nitatupia udongo wangu ninyamaze, na kweli tena, ningenyamaza. Lakini tulipofika kaburini, sala zimeisha, kamba tayari, diwani akajipenyeza mbele akaomba nusu dakika. Akasema, “Poleni sana, serikali iko pamoja nanyi,” akarudi nyuma. Basi. Maneno yake yote ndiyo hayo, na mtu mwingine angesema asante, lakini mimi damu ilichemka. Iko pamoja nasi wapi? Kwenye mtumbwi?

Nikamwendea katekista. “Mwalimu, kama diwani amepewa nafasi, na mimi rafiki wa marehemu nina neno.”

Katekista akatazama kaburini, akanitazama mimi. “Neno moja, Mzee Severini. Moja tu.”

Nikapanda juu ya lile rundo la udongo ili nionekane vizuri, nikakohoa, nikaanza. Mwanzo nilikuwa namzungumzia Kosmas, naapa, lakini Kosmas alikuwa mkulima, mkulima ana mpunga, mpunga hauna barabara, na nikishafika kwenye barabara mimi hakuna wa kunishika. Nikauza mashirika yote ya umma moja moja, nikarudisha waliopunguzwa kazini, nikaingia vyama vingi nikatokea upande wa pili. Vijana wawili walikuwa ndani ya kaburi wanachota maji kwa ndoo, chwaa, chwaa, wananiharibia hotuba. Nikawakemea: “Vijana, acheni kelele za ndoo! Huu ni msiba, tuheshimiane!”

Wakaacha. Ndiyo malezi ya kwetu hayo, mzee akisema acha, unaacha. Wakapanda juu, wakasimama na ndoo zao tupu. Watu wakaanza kukohoa, nikadhani ni baridi. Akina mama wakaanzisha wimbo taratibu, nikadhani wananisindikiza, nikapaza sauti niwe juu ya wimbo.

Mama Fidelis akainuka kwenye mkeka. Mjane haongei kaburini, mnajua, kwa hiyo wimbo ukakatika wenyewe.

“Shemeji,” akaniita.

“Naam, shemeji.”

“Serikali tumeielewa. Sasa naomba unizikie mume wangu.”

Yesu na Maria! Nilitamani ardhi ipasuke, na kumbe ilikuwa njiani. Nikageuka upesi nishuke kwenye lile rundo, kiatu kikateleza, udongo ukaondoka na mimi, ukingo wa kaburi ukamegeka, na mtumishi mstaafu wa serikali akaingia kaburini na suti yake kabla ya marehemu. Maji yalikuwa yamefika magotini. Bibi mmoja alicheka msibani, akajiziba mdomo kwa kanga, akaendelea kucheka humo humo ndani ya kanga. Na mnajua aliyenipa mkono ni nani? Diwani.

“Shika hapa, mzee,” akasema. “Serikali iko pamoja nawe.”

Hapo mnaweza kucheka. Lakini kilichofuata si cha kucheka, maana lile kaburi halikufaa tena, upande mzima ulikuwa umebomokea ndani na maji yanazidi kupanda. Katekista akaamua jeneza lirudi nyumbani. Mama Fidelis akatembea nyuma ya mume wake mara ya pili, kwa njia ile ile ya matope, na hakunitazama. Angenitukana ningepona. Kesho yake Kosmas alizikwa juu, karibu na barabara, na mimi nilifukia nikiwa na kaptula yangu ile ya kuvukia, vijana wakinipokeza jembe wanasema, “Bwana Serikali, zamu yako.” Alilala pakavu, ndiyo. Ila mama yake yuko kule chini peke yake.

Nilidhani yameishia hapo. Siku ya kumaliza tanga nilikwenda nikakaa nyuma kabisa, mlangoni, niwe wa kwanza kuondoka. Mama Fidelis akanitafuta, akanileta katikati ya wanawe, akaninawisha mikono mwenyewe. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko hasira.

“Shemeji,” akasema, “huyu baba yao nyumbani alikuwa mkimya, unamjua. Lakini kwako alikuwa anashinda mpaka jioni, kila anapokwenda mjini. Tuambie sisi, alikuwa anasema nini huko?”

Wanawe wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo. Miaka yote ile ya chai pale barazani, jamani, nilitafuta neno moja la Kosmas, anapenda nini, anaogopa nini, hiyo nchi yeye aliionaje, sikupata. Nilikuwa na maoni yangu juu ya kila waziri, yamejaa tele. Ya Kosmas sikuwa nayo hata moja, maana sikuwahi kumuuliza.

“Alikuwa anaisifu chai,” nikasema.

Mama Fidelis akatikisa kichwa kukubali, akasubiri niendelee.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiingia kwangu nazima redio. Na msiniulize kuhusu baraza jipya la mawaziri, maoni ninayo, yananiwasha mpaka kwenye vidole, lakini nimeapa. Semeni nyie kwanza.