Mwendo wa Santuri ya Pheladi

Waliuzunguka mtaa uleule wa Ga-Rankuwa mpaka mbwa wa kona wakachoka kuwabwekea. Mokgadi Selepe akashusha kioo, akazima injini ya basi.

"Nyamazeni kidogo," aliwaambia abiria wake. "Tusikilize."

Nyuma yake wazee wa klabu ya jazi ya Mamelodi walikuwa wamejikunja kwenye viti vya watoto wa shule, magoti karibu na videvu, kofia mapajani ili zisiharibike, viatu vya rangi mbili viking'aa sakafuni. Walikuwa wamealikwa na klabu ya huku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuifikia nyumba ya mwenyeji.

"Tarumbeta," alisema mzee wao, Ntate Phasha, mkono nyuma ya sikio. "Kushoto. Sikilizeni linavyopanda. Ndiyo hapo."

Mokgadi akakata kushoto, akaifuata sauti mpaka kwenye uwanja wa vumbi, ambako wanaume wa kanisa waliovaa sare za kaki walikuwa wakifanya mazoezi ya bendi yao. Kisha Mma Tlou, aliyekuwa ameketi kiti cha nyuma na sufuria ya matumbo ya ng'ombe mapajani, akauliza taratibu:

"Ntate Phasha, hii ndiyo jazi yako?"

"Nilisema tarumbeta. Sikusema ni la nani."

"Miaka yote hii tunakuogopa kwa masikio hayo!"

Walicheka mpaka basi likayumba. Mpiga ngoma wa kanisa ndiye aliyewaelekeza: wale watu wa kofia wako nyuma ya shule, geti la kijani.

Mokgadi alicheka na wenzake, lakini mkono wake ulikwenda nyuma ya kiti kukipapasa kifuko cha kitambaa alichokificha pale. Ndani ya kifuko mlikuwa na santuri, na leo hakuna aliyekuwa na haki ya kuijua kabla ya wakati wake.

Ndiyo desturi ya klabu hizi. Kila anayekuja hubeba santuri moja ndani ya kifuko, jalada limeachwa nyumbani, na karatasi nyeusi ya duara imebandikwa katikati kufunika majina. Sindano ikishashuka haiguswi mpaka upande uishe, hata nyumba ikishika moto. Hapigi mtu makofi. Santuri ikikuingia, unasimama na kucheza peke yako, mahali pako, bila kumgusa mwenzako, isipokuingia, unakaa. Mwishoni watu hubashiri ni nani anayepiga, na mwenye santuri huinuka kutaja jina. Heshima ya klabu nzima iko hapo. Huko, hata mchungaji akileta santuri mbovu, watu hukaa vitini wakimtazama.

Hicho ndicho Mokgadi alichokuwa akikitafuta: watu wasiojua kumwonea mtu huruma.

Santuri ilikuwa ya Pheladi, bintiye, mpiga saksafoni. Ilikuwa albamu yake ya kwanza. Ingetoka madukani Ijumaa inayofuata, na jioni ya leo hii angeipiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, katika ukumbi mdogo mjini Pretoria. Wiki iliyotangulia alimpigia mama yake simu.

"Mama, niambie kweli. Ni nzuri?"

"Nzuri sana, mwanangu."

Pheladi akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Wewe ungesema hivyo hata ningepuliza bomba la maji."

Neno hilo lilimkaa Mokgadi kifuani kama mwiba wa samaki. Maana lilikuwa kweli. Angesema hivyo hivyo. Tangu msichana yule alipoleta nyumbani saksafoni ya kuazima na kuwatorosha njiwa wa jirani, mama yake alikuwa amesema nzuri, nzuri, nzuri, mpaka neno lenyewe likachakaa. Sasa mtoto alitaka kitu ambacho mama hawezi kukitoa. Basi Mokgadi akaamua kukiendea kwa wanaoweza kukitoa, na kumpelekea jibu kabla hajapanda jukwaani, liwe tamu au chungu.

Yeye mwenyewe aliingia kwenye jazi kwa mlango wa jikoni. Alipokuwa msichana alipeleka chai kwa marafiki wa baba yake siku za Jumapili, na kwa kuwa wale wazee hawakupenda kuinuka, wakamfundisha kugeuza santuri. Alipoolewa, alikuta mume ana sanduku zima la santuri na hazisikilizi. Ndoa ilipokufa, mume akaja na gari kuchukua friji, meza na kitanda, Mokgadi akalikalia lile sanduku, akamwambia, "Chukua na pazia ukitaka." Hakuwahi kuulizia friji ilikoishia.

Siku za kazi huendesha basi la wanafunzi, na humo ndani yeye ndiye mwenye redio. Watoto wa darasa la pili wa Mamelodi hushuka getini wakiimba sehemu ya gitaa la besi kwa midomo. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe amewaharibia sala mezani. "Aliimba vibaya?" Mokgadi aliuliza. Mzazi akasema hapana, aliimba vizuri, na hilo ndilo tatizo.

Katika klabu alikuwa mwanamke wa kwanza kuleta santuri yake mwenyewe, na ndiye pekee aliyeleta mpya. Wengine waliishi na zile za ujana wao. Yeye kila mwezi alikuja na kijana wa Soweto, binti wa Durban, kundi fulani la Cape Town, na kila mwezi Ntate Phasha alikunja miguu.

"Hawa watoto wako wanapiga kama mtu aliyepoteza funguo," alimwambia. "Wanapapasa tu. Huku hamna, kule hamna."

"Na wewe unacheza kama mtu aliyezipata akafungia mlango."

Walipendana hivyo, kwa maneno ya kuchomana.

Nyuma ya geti la kijani Ntate Mabitsela, mwenyeji, aliwapokea akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa. Spika zake zilikuwa ndefu kuliko mkewe, na mke huyo alilitangaza jambo hilo kwa kila mgeni bila furaha. Watu wakala ugali, matumbo na achari, wakanywa kidogo, kisha viti vikapangwa kuzunguka ukuta. Klabu ya mwenyeji ikatangulia. Santuri ya tatu ikawainua wote. Ya nne ikamwacha mwenyewe akikodolea macho viatu vyake.

Ikaja zamu ya Mokgadi. Akaitoa santuri kwenye kifuko kwa ncha za vidole, akaiweka, akashusha sindano, akarudi kitini.

Sauti ikatoka.

Haikuwa ile aliyotumiwa na Pheladi kwenye simu. Ilikuwa nzito, pana, ya chini, inakwenda kama ng'ombe anayerudi zizini. Alijua papo hapo alichokosea. Baadhi ya santuri mpya hutengenezwa za mwendo wa kasi wa arobaini na tano, yaani mizunguko kwa dakika. Mashine ya Ntate Mabitsela, kama za wazee wote, ilikuwa kwenye thelathini na tatu, mwendo wa polepole. Namba iliandikwa hapo katikati, lakini siku santuri ilipofika, macho yake yaliishia kwenye jina. Alilisoma akalisoma tena, akalia kidogo, kisha akabandika karatasi nyeusi juu yake.

Akashika mikono ya kiti ili ainuke. Sindano haiguswi. Na kabla hajajua afanye nini, Mma Tlou alikuwa amesimama.

Mma Tlou akafumba macho, akavuta mguu sakafuni kama anayefuta maji. Akafuata mwenyeji na suti yake. Akafuata jirani yake. Kisha, Mungu wangu, Ntate Phasha akavaa kofia, akafunga kifungo cha koti, akainuka. Alicheza kwa mabega tu, magoti yamelegea, kiatu kikizunguka polepole juu ya kisigino. Hapakuwa na aliyebaki kitini isipokuwa Mokgadi. Nyumba nzima ilikuwa ikiichezea santuri ya bintiye, kimakosa.

Upande ukaisha. Watu wakajifuta jasho.

"Huyo ni mzee," alisema Ntate Mabitsela. "Saksafoni ile kubwa, na mzee mzima nyuma yake."

"Kazika watu huyo," alisema Mma Tlou. "Sikia anavyosubiri kabla ya kusema."

Ntate Phasha hakutania. "Huyo amekaa mbali na kwao muda mrefu. Ausi Mokgadi, dada yangu, leo nakuvulia kofia. Mwishowe umetuletea mtu mzima. Mtaje."

Mokgadi akainuka, kwa kuwa ndiyo desturi. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Angetaja jina akakaa. Jioni angemwambia Pheladi: wote walisimama, hata Phasha. Wala usingekuwa uongo. Aliona uso wa mwanawe ukikunjuka. Kisha akasikia tena kile kicheko cha kwenye simu, na bomba la maji.

"Anaitwa Pheladi Selepe," alisema. "Ni mwanangu. Saksafoni ni ile ndogo. Na santuri nimeipiga kwa mwendo usio wake. Mlichokicheza sicho alichokipiga."

Kisha mke wa mwenyeji, aliyekuwa mlangoni na beseni la vyombo, akaangua kicheko, na chumba kizima kikamfuata.

"Mzee mzima!" Mma Tlou alimpiga mwenyeji kofi la mgongo. "Kazika watu!"

"Ni wewe uliyesema kazika watu!" mwenyeji alijibu.

"Amekaa mbali na kwao, eti! Phasha, mtoto amekaa Mamelodi, umbali wa nyumba mbili na wewe. Ulimnunulia peremende!"

Ntate Phasha alikuwa na kofia mkononi, hajui aiweke wapi. "Jamani, sasa itakuwaje? Mtoto wa watu tumemchezea hivyo." Akamgeukia mwenyeji. "Weka mwendo wake."

"Desturi ni mara moja tu, Ntate."

"Mara moja hatujaisikia bado. Weka."

Safari hii ilitoka kama kundi la ndege lililoshtuliwa. Saksafoni ilikuwa nyembamba na kali, ikiruka, ikikatiza sentensi zake yenyewe, ngoma zikiifukuza. Watu wakainuka, wakatafuta pa kuweka mguu, wasipaone. Mmoja akakaa. Wa pili akakaa. Mma Tlou alijitahidi, bega hili, bega lile, kisha akacheka kwa aibu na kushika kiti. Mokgadi hakuangalia chini. Alikuja kuona, akaona.

Ntate Phasha peke yake hakukaa. Wala hakucheza. Alisogea mpaka mbele ya spika, kichwa kimeinama, kofia kifuani, na kila mara saksafoni ilipogeuka alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeambiwa habari asizozitarajia. Sindano ilipofika mwisho alibaki hivyo hivyo.

"Basi, Ntate," Mokgadi alisema. "Niambie. Jioni hii yuko jukwaani, na ameniuliza. Ni nzuri au si nzuri?"

"Ile ya kwanza nilijua inakokwenda, ndiyo maana nilicheza. Hii sijui. Kila nilipodhani nimemshika alikuwa ameshavuka barabara."

"Kwa hiyo amepoteza funguo."

"Hapana." Alifikiri. "Hapana, huyu anazo. Mimi ndiye niliyebaki nje." Akageuza kofia mikononi. "Sijui kama ni nzuri. Mwambie hivyo. Mwambie pia nataka yangu, na jalada lake, niende nikakae nayo nyumbani."

Kwa miaka yote ya klabu Ntate Phasha hakuwa amenunua santuri mpya. Alisema hizo ni za kusikilizia kwa watu.

Mokgadi akakunja kile kifuko kitupu. Akatazama saa ya ukutani, akachukua ufunguo wa basi, apate kumwahi Pheladi kabla hajapanda jukwaani.

"Unakwenda na sisi tuko hapa?" Mma Tlou alipiga kelele. "Tutarudi na nini Mamelodi?"

"Kwa miguu. Mtajifunza mwendo wa arobaini na tano."

"Ausi Mokgadi!"

"Nitawapitia usiku, wazee wangu. Kaeni mle."

Mlangoni akageuka, akakumbuka santuri. Ntate Phasha alikuwa amesimama kati yake na mashine, mikono nyuma, kama mtoto aliyeficha kitu.

"Iache," alisema. "Hii ya leo iache. Yeye anaijua tayari."

Akaiacha. Walimsikia akihangaika na gia, kisha basi likapita nje ya dirisha na majina ya shule ubavuni, honi ikilia kwa mbwa wa kona, ambao sasa walibweka upya. Ndani, Ntate Mabitsela alishusha sindano mwanzoni bila kuombwa, na hakuna aliyetaja desturi. Ntate Phasha akavaa kofia. Akasikiliza kidogo, akatoa mguu wa kulia, akauweka, ukawa umechelewa, akaurudisha mahali pake na kusubiri saksafoni ipite tena.