Chaki ya Dada Matone

Watoto wa mtaa ndio waliompa jina la Matone, kwa sababu kila alipopita walijua kinachofuata: mdomo wazi, matone mawili ya chanjo kwenye ulimi. Wengine wakisikia sauti yake nyumba ya jirani, haoo, chini ya kitanda. Yeye hakukasirika. Alipiga magoti sakafuni akauliza, "Humu chini kuna paka au kuna mtu?" Mtoto akicheka tu, mdomo umefunguka, kazi imekwisha.

Aliishia darasa la saba, na kifaa chake cha kazi kilikuwa kipande cha chaki. Akimaliza nyumba, aliandika kwenye fremu ya mlango tarehe, idadi ya watoto, na mshale wa kuonyesha nyumba inayofuata. Wote wakishapata, tiki. Kama kuna ambaye hakuwepo, duara, ili arudi. Miaka sita alijitolea hivyo, mpaka mkono ukawa unaandika wenyewe huku kichwa kinawaza mboga ya jioni.

Alikuwa mtu wa kutaka kujua. Wifi yake, aliyekaa naye ua mmoja, alisema huo ni umbea uliovaa fulana ya zahanati. Lakini mmbea hutaka kusimulia. Matone alitaka kuelewa tu. Kwa nini nyumba yenye televisheni kubwa kuliko zote pipa lake la maji halina hata tone? Kwa nini mtu mlangoni anasema hajambo, na ukishakalia kigoda chake machozi yanamtoka?

Mwaka ule Fundi Bomba, aliyekuwa akitengeneza mabomba ya mtaa mzima, alichukua fomu ya kugombea udiwani. Watu walivunjika mbavu. Walisema akaanze na bomba la kwake, linavuja tangu mwaka juzi. Asubuhi moja alikuwa chini ya sinki la zahanati, akamsikia Matone akimtajia nesi nyumba zilizobaki, moja baada ya moja, bila karatasi.

Akachomoza kichwa. "Dada, hizo nyumba zote unazijua kwa kichwa?"

"Nazijua mpaka mbwa wao."

"Basi njoo unisaidie kampeni."

"Mimi siasa siijui, kaka yangu."

"Kwani mimi naijua? Najua mabomba. Tutajifunzia humo humo."

"Umeula, wifi!" alicheka wifi yake aliposikia. "Kesho utakuja kutuhutubia hapa uani." Matone alicheka naye, lakini alikuwa ameshakubali. Kuna kitu kilimwasha: mtu ukimuuliza habari zake mwenyewe, si za watoto wake, atasema nini?

Ofisi ya kampeni ilikuwa stoo ya Fundi Bomba, viti vimepangwa katikati ya mabomba. Katibu, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, alimpa karatasi yenye safu tatu: ndiyo, hapana, hajaamua. Nyumba sabini na nne, siku tatu. Matone akamfunga mwanawe mgongoni, akaingia kazini. Alikaribishwa vizuri kila mahali. Ila aligundua kitu kimoja: anayesema "ndiyo" upesi kuliko wote ndiye anayefunga mlango upesi kuliko wote. Hilo lilimkaa kichwani siku nzima.

Siku ya nne alirudi kwa wale ambao hawajaamua. Mlango wa kwanza kimya. Wa pili, pazia likatikisika, kimya. Wa tatu ulikuwa wa Mama Pacha, aliyekuwa na watoto wawili wa miezi tisa. Alijibu kutoka ndani, komeo halikuguswa.

"Dada Matone, wewe wa kuniwekea alama mimi?"

"Alama gani tena?"

"Usijitie hamnazo! Mwenye tiki kasalimika, mwenye duara anabomolewa. Kule ng'ambo ya barabara si walianza hivi hivi? Kwanza alama, halafu tingatinga!"

Matone akageuka kuangalia fremu. Duara lilikuwepo, la mwandiko wake mwenyewe, na mkia wake mdogo pale chaki inapoachia ubao. Akatazama nyumba ya jirani: tiki. Akatazama safu nzima: waliosema ndiyo tiki, ambao hawajaamua duara, kama nyumba za chanjo.

"Mama Pacha, ni mazoea tu ya mkono..."

"Mkono wa nani?"

Matone akaugusa ule mkia wa duara kwa kidole.

"Na hayo matone yako Jumatatu ijayo, usiniletee."

Nyuma ya mlango pacha mmoja alikuwa akigonga sufuria kwa kijiko. Matone aliwakumbuka awamu ya kwanza ya chanjo, wote wawili kwenye paja moja, mmoja analia, mwingine anamshangaa. Kura zingepotea, sawa, ni za Fundi. Lakini hawa wasipopata awamu ya pili kwa ajili ya chaki yake?

Alipowasimulia stoo, Katibu alishika kichwa. "Umetumaliza! Tunyamaze tu, mvua itafuta."

Fundi Bomba alikuwa akigeuzageuza kiungo cha bomba mkononi. "Dada, wewe unaonaje?"

"Nikafute mwenyewe. Mchana, waone. Na niseme nilikosea."

"Kwenye kampeni hatusemi tumekosea!" alisema Katibu.

"Wewe Katibu," alisema Fundi, "mimi nikija kwako kuziba bomba, nizibe bila kukuuliza linavujia wapi? Mwache aende."

Akaenda na ndoo na kitambaa. "Hee, kampeni ya deki hiyo!" mzee mmoja alimtania. Lakini jambo likatokea ambalo hakulitazamia. Mtu anayekufutia mlango huwezi kumwacha bila kumsemesha. Kwa karatasi walimjibu kile karatasi ilichotaka. Kwa kitambaa walisema wenyewe: mtaro unaomwaga maji machafu kwenye uwanja wa shule, maji yanayotoka saa ambayo wote wako kazini, pipa likabaki kavu hata kwa mwenye televisheni. Yeye alisema tu, "Halafu?" nao wakaendelea. Aliyabeba yote kichwani mpaka stoo, na Katibu akayaandika, safari hii bila kushika kichwa.

Mlango wa Mama Pacha aliuacha wa mwisho. Haikuwa akili, ilikuwa woga. Alifuta taratibu, mlango umefungwa.

"Umefuta?" sauti ikauliza.

"Nimefuta."

"Na ya jirani mwenye tiki?"

"Zote. Toka uone."

Komeo likalia. Mama Pacha akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Fremu zote zilikuwa mbichi kwa maji.

"Sasa ulikuwa unaandika nini?"

"Nani atampa Fundi kura, na nani hajaamua."

"Basi? Hayo tu?" Akashika kiuno. "Mimi nitaamuaje, mtu anaahidi maji na bomba lake mwenyewe linavuja!"

Matone alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na Jumatatu?"

Mama Pacha alifunga mlango, ingawa hakuubamiza.

Wiki ile Katibu alimwongezea mitaa mitatu na akina mama watano wa kuwafundisha kazi. Siku ya kwanza Matone aliwaambia waache karatasi na kalamu stoo.

Jumatatu alivaa fulana ya zahanati, akabeba kiboksi cha chanjo. Kwa Mama Pacha mlango ulikuwa wazi, pacha wote pajani. Matone akadondosha mawili, akadondosha mengine mawili. Akatoka nje, mkono ukaingia mfukoni, ukaishika chaki, ukasita.

"Mbona huandiki?" aliuliza Mama Pacha.

"Niandike?"

"Andika. Halafu unisomee."

Akaandika, akasoma kwa sauti: tarehe, wawili, tiki. Mama Pacha alifuata kwa kidole.

"Na huu mshale?"

"Nyumba inayofuata."

"Haya, nenda. Na umwambie huyo fundi wako bomba lake bado linavuja. Nimepita pale asubuhi."

"Ulipita kufanya nini?"

"Kuangalia," alisema Mama Pacha. "Si bado sijaamua?"