Diwani na Lifti ya Weston

Juzi nilipanda treni ya kwenda mjini, na tulipopita mtaa wa Weston nikaliona jengo letu la zamani. Wamelipaka rangi ya kijivu. Niliduwaa hata nikapitiliza kituo changu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, rafiki yangu, na tulikaa ghorofa ya sita, mimi na mama. Mama alikuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kuwalea. Jioni alirudi na miguu imevimba, akapika bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, na korido nzima ikanukia Bukavu tulikotoka. Jengo zima, waliojua Kiswahili tulikuwa sisi wawili tu. Tulisubiri kesi yetu ya ukimbizi. Kila barua ya serikali mama aliishika kwanza kifuani, ndipo akanipa nimsomee, maana Kiingereza kilimpa taabu.

Lifti iliharibika mwanzoni mwa baridi, ikaachwa hivyo hivyo. Kazi yangu baada ya shule ikawa kumpandishia vyakula bibi wa Kijamaika wa ghorofa ya tisa, aliyeshuka Jumapili tu, ngazi moja moja, akishika ukuta.

Majira hayo mwalimu wa Kiingereza aliniazima riwaya kuukuu ya Mwingereza mmoja, marehemu wa siku nyingi, bingwa wa dhihaka. Ndani yake waandishi wa habari walitunga mambo na wakubwa wakayasadiki. "Aliandika ili awacheke," mwalimu aliniambia, "lakini wenye magazeti na wanasiasa wameisoma kama kitabu cha mafunzo." Nilicheka hadi mama akagonga ukuta. Nikatamani na mimi kuchekesha hivyo.

Nikaandika ukurasa mmoja: diwani wetu, aliyekuwa akigombea tena, amekwama ndani ya lifti yetu saa tatu nzima, amelishwa ndizi kupitia upenyo wa mlango, ametoka akilia. Nikaubandika karibu na masanduku ya barua, bila jina. Watu walicheka. Wiki ile ile, gazeti la bure la mtaani likakichapa kisa hicho kama habari ya kweli, pamoja na zile ndizi.

Msimamizi wa jengo akaanza kugonga mlango baada ya mlango akimsaka mwandishi. Alipofika kwetu nilishikwa na kigugumizi. Alipoondoka, mama akanitazama.

"Ni weye?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unataka waturudishe?"

Hakunipiga. Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono. "Wiki ijayo nitaapa mbele ya wakubwa kwamba nasema kweli," alisema. "Siwezi kuapa nikiwa nimeacha uongo nyumbani."

Ofisini kwa diwani nilieleza yote, nikamsihi atusamehe kwa sababu ya kesi yetu. Aliinuka, akafunga mlango.

"Watu wananipigia simu kunipa pole," akasema, nusura acheke. "Wazee wananiombea. Usijisumbue, binti. Nani ajuaye, labda nilikwama."

"Anasema nini?" mama akauliza. Nikamweleza.

"Mwambie hakukwama."

Nilipomwambia, tabasamu lake likatoweka. "Mama yako ana kesi, sivyo? Basi haya mambo ayaache."

Hilo sikumtafsiria.

Jumamosi akaja kuhutubia kwenye ukumbi wa jengo. Makoti yalinuka unyevu wa theluji. Katika hotuba yake, saa alizokwama sasa zilikuwa nne, na taa za lifti nazo zilikuwa zimezimika. Bibi wa ghorofa ya tisa, aliyeshuka ngazi zote kuja kumsikia, alifuta machozi. Mwandishi wa lile gazeti alikuwa akinukuu kila neno.

Mama akasimama. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika ukutani: "Huyu bwana hakukwama. Mtoto wangu alitunga kwa mchezo. Lifti bado mbovu. Watafsirie."

Diwani hakumtazama mama, alinitazama mimi.

"Mama anashukuru," nikasema kwa Kiingereza, "kwa kuwa mheshimiwa anayaelewa mateso yetu."

Makofi yakalipuka. Mama alikaa, akanibana mkono. "Umeona?" akaninong'oneza. "Watu wanapenda ukweli."

Kesi yetu ilikubaliwa. Diwani alishinda. Lifti ilitengenezwa kiangazi, bibi akiwa ameshahamia kwa mwanawe, na mwalimu nilimrudishia riwaya yake.

Leo nahariri habari katika gazeti la mjini. Wanasiasa hutuletea visa vilivyokwisha kupikwa, nasi hukimbilia kuvitoa kabla ya wenzetu. Vijana wa chumba cha habari humsoma yule Mwingereza na kuangua kicheko. Mimi siwezi tena.

Mama alifariki mwaka juzi. Hadi mwisho aliwasimulia wageni wake, kwa fahari, siku aliyomkabili diwani kwa kweli tupu na ukumbi mzima ukampigia makofi. Nilikuwa pale nikiwamiminia chai, na sikumkatiza hata mara moja.