Idd ya Kaka Aliyebatizwa

Mwaka niliovunja ungo ndio mwaka kaka yangu alipobatizwa. Alikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ya wamisheni upande wa Chake, na sisi tulikuwa Gando, tukilima mihogo na kuchuma karafuu za watu. Habari ilitufikia kwa ami, mdogo wake baba, aliyerudi kutoka mjini akalia barazani kana kwamba kaka amekufa. Baba hakulia. Alilitoa nje godoro la kaka, akalichoma moto nyuma ya jiko, na akatukataza kulitaja jina lake.

Aliyehangaika ni mama. Alimbembeleza baba miezi na miezi, mpaka Idd ilipokaribia baba akalegea.

"Aje ale," akasema. "Ila akitia neno la dini yake ndani ya nyumba hii, namtoa."

Kaka alikuja asubuhi, amevaa kanzu na kofia aliyoshonewa na mama. Alimpa baba shikamoo kwa kuinama, na baba akaitika. Jikoni nilimwona mama akijifuta macho kwa pindo la kanga, nikajua si moshi.

Wanaume wakalizunguka sinia. Mimi nilikuwa nimeshika birika la kunawia. Ami akalivuta sinia upande wake kidogo, akasema, "Mkono ulioshika nguruwe tutakula nao vipi?"

"Sijala nguruwe, ami," kaka akajibu taratibu.

"Utakula. Mama yako umeshamuuza kwa kazi ya kufunga vidonda."

Neno moja tu la baba lingemnyamazisha ndugu yake, lakini hakulisema. Kaka akamtazama baba, akangoja, kisha akarudisha tonge kwenye sinia. Akasema Yesu mwenyewe alishawaambia watu kwamba hakuja kuleta amani, alikuja na upanga, na kwamba adui za mtu watakuwa watu wa nyumbani mwake. Akasema anayempenda baba au mama kuliko Yeye hamfai. Aliyasema kama mtu aliyekwisha kuyakariri njiani, na, naapa, aliyasema kwa raha.

Baba akasimama. "Basi toka na upanga wako nyumbani kwangu."

Mama alitoka jikoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya wanaume wakiwa wanakula.

"Mwanangu, hicho kitabu chenu hakina mahali pa amani?"

"Papo, mama. Kinasema wapatanishi wana heri, wataitwa wana wa Mungu."

"Sasa mbona weye umechagua hilo la upanga? Leo, mbele ya chakula changu?"

Kaka akavaa viatu vyake, akaenda zake. Ami akaendelea kula.

Idd iliyofuata haikumkuta mama. Kaka alifika jeneza likiwa linatolewa nyumbani. Alipotia bega lake kulibeba, ami akamsukuma. Baba aligeuka, akaona, akaendelea kutembea. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, basi mwanamume mzima akabaki uani pamoja nasi, mikono imemning'inia, wala hajui akae wapi. Bibi mmoja jirani akamsogezea kigoda.

Aliniuliza mama alisema nini mwishoni.

"Alikuulizia weye," nikamwambia. "Kila mlango ukilia, alidhani ni weye."

"Baba angenifukuza."

"Angekufukuza. Lakini mama angekuwa keshakuona."

Akainamisha kichwa. Sikumshika mkono, wala sikumpa pole. Wanaume waliporudi kutoka mazikoni hawakumkuta. Nilisikia baadaye kwamba amevuka kwenda Tanga, akaoa huko, akawa mwalimu wa dini. Yeye na baba hawakuonana tena hadi baba alipofariki.

Nasikia kule kanisani kwao wanamsifu kwamba aliacha wazazi na nyumba kwa ajili ya Mungu. Baba naye msikitini alisifiwa kwamba imani yake haikuyumba hata kwa mtoto wa damu yake. Wakija watu kunisimulia sifa hizo, mimi huwapa kahawa na kunyamaza, maana najua nikianza kusema sitaweza kuacha.