Kopo la Baba Samaki

Tarishi aliajiriwa kupeleka barua, kuchemsha chai na kupangusa meza. Samaki walikuja baadaye, Mkurugenzi alipoambiwa kwamba kuwatazama kunashusha presha. Likaletwa tangi la kioo, likawekwa kando ya kiti chake, ndani mna samaki wanono wa rangi ya dhahabu, wenye sura za wageni rasmi. Presha ya Mkurugenzi ikashuka. Ya tarishi ikapanda, maana kulisha, kubadilisha maji na kusugua kioo vyote vilimwangukia yeye. Ofisi ikalisahau jina lake, ikamwita Baba Samaki.

Wiki ile Mkurugenzi alikwenda semina ya uwajibikaji, kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Kabla ya kupanda gari alimkabidhi tarishi kopo la chakula cha samaki mbele ya wafanyakazi wote, kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi nchi. Akawageukia wengine, akasema akirudi atajua nani anaijali ofisi na nani anajali tumbo lake.

Kesho yake dada wa tarishi akapiga simu. Mama amezidiwa, anamtaja yeye tu, aje upesi. Kwao ni mwendo wa kutwa kwa basi. Tarishi akajibanza kwenye jiko la chai, akampigia Mkurugenzi, akamweleza kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba katibu muhtasi amekubali kuwalisha samaki.

"Huyo na kucha zake zile ataniulia," Mkurugenzi alisema. "Halafu mama yako ana ndugu zako wengine huko. Samaki wangu wana nani zaidi yako? Nisubiri Ijumaa, uende kwa amani."

Akasubiri. Asiye na watoto wa kusomesha na amwite bwege.

Kila asubuhi aliwapa chembe chache, kama kawaida, akatoka na barua zake. Akishatoka, katibu muhtasi huingia. Siku ya kwanza aliwamwagia makombo ya keki, akajipiga picha, akaituma kwenye kundi la ofisi: watoto wako wazima, bosi. Mkurugenzi akajibu kwa kopa, kile kialama chekundu cha moyo. Kopa lile ndilo lililoua. Mhasibu alipoliona akaleta mkate. Afisa utumishi akaponda yai la kuchemsha, kwa kuwa samaki nao wanahitaji kujenga mwili. Hata mlinzi, ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti kile, alibisha hodi na wali wake wa mchana. Picha zikamiminika, makopa yakarudi. Simu ya tarishi ilikuwa ya vitufe, kundi halikumfikia. Aliona tu maji yanageuka uji, akayabadilisha, yakageuka tena.

Ijumaa asubuhi aliwakuta wote wanaelea, matumbo juu, kati ya punje za wali na makombo ya keki. Angali amesimama na kopo mkononi, dada yake akapiga. Alilia tu. Tarishi akaelewa.

Mkurugenzi aliporudi, ofisi ilipanga foleni ya kumpa pole. Katibu muhtasi alilia hadi wanja ukafika shingoni. Mhasibu akaomba wasimame dakika moja ya kimya, wakasimama. Tarishi naye alisimama nyuma, na sinia ya vikombe. Dakika ya kimya haina jina la marehemu, akaichukua yote, akampa mama yake.

Kisha akasogea. "Bosi, mama amefariki. Naenda kuzika."

"Pole," Mkurugenzi alisema, macho kwenye tangi. "Sasa wewe hawa ulikuwa unawalisha nini? Basi, nenda. Jumatatu naleta wengine, usichelewe. Nani atawaangalia?"

"Hao wasikutie wasiwasi, bosi. Wana ndugu wengi hapa."

Mlinzi alikohoa. Wengine wakatazama viatu.

Ingependeza kama asingerudi. Lakini ada ya shule haijui msiba. Jumatatu aliingia na udongo wa kaburini kwenye soli, akakuta maji safi na samaki wapya, wanono kuliko wale. Katibu muhtasi alimsogelea, simu tayari mkononi, akanong'ona, "Baba Samaki, nigawie chakula kidogo na mimi niwalishe, bosi hajaingia."

Akampa kopo zima, akaenda kuchemsha chai.